Maswali niulizwayo kuhusu michoro yangu ya viwanja na mitaa ya Mombasa

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa mandhari, mzaliwa wa Likoni. Tangu nianze kuonekana mitaani na futi kamba, daftari na mwavuli, maswali hayaishi: ya majirani, ya mashangazi, ya wanafunzi wa sekondari, na ya yule ami muuza kahawa ambaye huniuliza jambo moja kila jioni kana kwamba jana hakujibiwa. Nimeyakusanya hapa. Mengine yametosheka na mstari mmoja. Mengine yamenikalisha kitako.

Usanifu wa mandhari ndio nini? Si kupanda maua?

Maua yamo, ila ni sehemu ndogo. Msanifu wa majengo anashughulika na nyumba. Mimi nashughulika na kinachoanzia nje ya mlango: uwanja, njia, mtaro, mti, ngazi, ukuta mfupi, mahali pa kungojea matatu. Na ardhi yenyewe: wapi iinuke, wapi ishuke, maji ya mvua yapite wapi yasiingie sebuleni mwa mtu. Mama yangu huwaambia wageni kwamba nasomea "bustani". Nimeacha kumsahihisha.

Umechora nini mpaka sasa?

Hapa Mombasa, kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kupima mabaraza ya Mji wa Kale, yale ya kukalia mbele ya nyumba, ambayo haikuwa kubuni kitu bali kujifunza kwa waliobuni kabla yetu. Ya pili ni kipande cha njia kando ya soko dogo huko Jomvu, ambako shida ni maji. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ni kiwanja cha wazi cha Likoni, kazi yangu ya mwaka wa mwisho. Wengi huniuliza kuhusu hicho, basi nitakirudia mara nyingi.

Kiwanja chenyewe kikoje?

Mita 22 kwa 35, kwa kipimo changu mwenyewe, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka kivukoni. Magharibi kuna mkwaju mkubwa. Mashariki kuna ukuta wa shule. Kaskazini ni njia ya maramu wanayopita watu wa feri, na kusini ni nyumba za kupangisha ambazo milango yake imekielekea. Ukikitazama kwenye picha ya setilaiti utasema hapa hapana kitu. Ndivyo nilivyosema mimi wiki ya kwanza, tena mimi mwenyeji.

Alfajiri kuna mama wa mahamri kwenye pembe ya njia. Asubuhi watoto wa shule hukikata mshazari, na miguu yao imechora kijia chembamba ambacho hakuna mhandisi aliyekipanga. Adhuhuri hakuna mtu ila mbuzi. Ikishaswaliwa alasiri vijana huweka mawe mawili huku na mawili kule, mpira ukaanza, na wazee hutandaza bao lao chini ya mkwaju. Ikiadhiniwa magharibi wote hutawanyika. Baada ya isha huja watu wengine kabisa: wa kahawa, wa viazi karai, na wanawake wanaotoka kupunga upepo mlangoni kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Kukiwa na harusi au matanga, turubai husimikwa hapo hapo. Kiwanja kitupu, ati.

Huwa unaanzia wapi, kwenye kompyuta?

Naanza kwa kukaa. Nilikaa Likoni siku nne, kutoka alfajiri hadi saa tatu usiku, mojawapo ikiwa Ijumaa na nyingine Jumapili. Kila nusu saa natia alama kwenye ramani: nani amekaa wapi, ameelekea wapi, yuko juani au kivulini. Sipigi watu picha; daftari latosha, na mtu akiuliza naandika nini namfungulia asome.

Ukizikusanya alama za siku nzima kwenye karatasi moja, unaona kitu ambacho jicho peke yake halikioni. Pale Likoni madoa ya watu yalikuwa yanauzunguka ule mkwaju kama mshale wa saa. Asubuhi wamekaa nyuma yake, upande wa nje. Jioni wameingia kiwanjani. Watu walikuwa wanafuata kivuli, na mimi nilikuwa nimeshachora viti vyangu mahali pengine.

Ni kweli mchoro wako wa kwanza ulikuwa na chemchemi ya maji?

Kweli. Katikati kabisa, ya duara, maji yanaruka juu, na viti vya chuma vimeizunguka. Niliuchora kabla ya zile siku nne, nikaupenda, nikaupeleka kwenye kikao cha wazee nikiwa nimeupaka rangi. Nikamaliza kueleza. Mzee mmoja akauvuta karibu, akautazama kwa muda mrefu, akasema: "Mwanangu, mfereji wa nyumbani kwangu hautoi maji siku ya nne leo. Wewe wataka kuyarusha hewani?"

Watu walicheka mpaka bao likasimama. Mimi pia nilicheka, ingawa si siku ile. Kila aliye Mombasa anaujua mkokoteni wa maji, na mimi niliyekulia kwenye foleni ya mitungi nilikuwa nimeisahau foleni hiyo mara tu niliposhika kalamu. Mchoro ule ninao bado, umebandikwa ukutani juu ya meza yangu.

Mbona kila mara unazungumzia kivuli?

Kwa sababu kivuli kina saa yake na mwezi wake, na wengi tunakichora kana kwamba kimesimama.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hutupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya mwaka, miezi ya kusi, jua la mchana huwa kaskazini yetu na kivuli huangukia kusini. Desemba na Januari mambo hugeuka: jua liko kusini, kivuli chaangukia kaskazini. Kwa hiyo mti uliopandwa upande mmoja wa kiti utakipa kivuli cha mchana nusu ya mwaka tu.

Lakini mchana si tatizo kubwa, maana mchana mwenye akili yuko ndani. Tatizo ni saa kumi jioni, watu wanapotoka. Saa hiyo jua limeshuka hadi kama nyuzi 35 kutoka upeo wa macho, na linapiga kutoka magharibi. Piga hesabu: paa la makuti lenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli chake mita 4 na ushei upande wa mashariki. Kama banda lenyewe lina upana wa mita 4, basi aliyeketi chini yake kwenye kiti ulichomjengea yuko juani kabisa, na kivuli alicholipiwa kimemwangukia mbuzi aliye nje. Mabanda ya namna hii nimeyaona mengi. Watu hawayakai, kisha husemwa kwamba watu hawa hawathamini wanachojengewa.

Ndio maana pale Likoni viti vyangu vyote vya jioni viko mashariki ya mkwaju, wala sikuongeza banda hata moja. Mti wenye matawi mapana ya chini, ukiwa magharibi, unafanya kazi ambayo paa haliiwezi.

Mti gani unafaa kupandwa mtaani?

Hili ndilo swali niulizwalo kuliko yote, na kila mtu ana mti wake ambao haukosei kamwe. Nitasema ninavyoona.

Mkwaju ni bora kwa kivuli cha vizazi: mizizi inashuka chini sana, tawi halivunjiki ovyo, kivuli ni chepesi na kina upepo. Ila hukua polepole. Ukiupanda, unampandia mjukuu.

Mkungu ndio nilioongeza Likoni, michache. Matawi yake hutoka kwa ghorofa, moja juu ya jingine, kama mwavuli uliopangwa. Unastahimili chumvi na upepo wa bahari, na unakua haraka. Ubaya wake ni majani. Hugeuka mekundu yakapukutika, makubwa kama sahani, na yakiziba mtaro wakati wa masika utayajua. Panda mkungu mbali na mtaro, au uwe na mtu wa kufagia. Watoto hawalalamiki: wanapasua kungu kwa jiwe na kula kiini.

Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, huota hata ukiusahau, na hapo ndipo penye shida. Ndege na popo husambaza mbegu kila mahali, na baada ya miaka michache huna aina nyingine ya mti. Upo wa kutosha mjini. Sipandi zaidi.

Mnazi ni mzuri kwenye kadi ya posta. Kivuli chake ni kama cha nguzo, na dafu likianguka kutoka juu halimchagui mtu. Usiuweke juu ya kiti, kamwe.

Mbuyu naupenda kuliko miti yote, na pale Mama Ngina, mbele ya bahari, ndiyo iliyobeba mahali pale. Mbuyu uliopo usiukate kwa sababu yoyote ile. Ila kwa kivuli cha kiwanja kipya haunisaidii: hupukutisha majani wakati wa ukame, yaani wakati ule ule ambao tunakihitaji.

Mwembe hutoa kivuli kizito kizuri, lakini karibu na shule utakuwa umepanda vita. Embe likionekana tu, mawe yanaruka. Mkrismasi ukichanua ni harusi tupu. Mizizi yake lakini iko juu juu, huinua kabro, yale matofali ya kutandika chini, na kupasua kuta, na tawi lake hukatika kwa upepo. Mvinje waachie ufuo na ardhi iliyochoka.

Na mwisho, kunguru. Hakuna mti unaowafukuza. Nimeulizwa mara nyingi mno. Funga mapipa ya taka, ndiyo dawa niijuayo.

Mvua ikinyesha, maji yataenda wapi?

Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha Likoni ni mita za mraba 770. Kikiwekwa kabro chote, ikashuka mvua ya milimita 40 siku moja ya Mei, umepata lita 30,800. Hiyo ni mitungi 1,540 ya lita ishirini inayotafuta mlango wa kuingilia, na milango iko upande wa kusini.

Sasa, ardhi ya Mombasa si moja. Kisiwani, Nyali na Likoni chini yetu ni mwamba wa matumbawe na mchanga; maji hupotea haraka. Ukienda magharibi, Changamwe na Jomvu, unaingia kwenye udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na miamba mingine kabisa, na maji hukaa juu. Nilichimba shimo la nusu mita sehemu zote mbili nikalijaza maji. Likoni yaliisha kabla sijamaliza dafu langu. Jomvu niliporudi kesho yake asubuhi yalikuwapo, na chura ameshahamia.

Kwa hiyo dawa ya Likoni haiwezi kuwa dawa ya Jomvu. Likoni nimeinamisha kiwanja kidogo tu, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita, maji yaelekee kwenye mtaro mpana usio na kina kando ya ukuta wa shule, uliojazwa kokoto na kupandwa majani yanayostahimili kulowa na kukauka. Pale yanazama. Jomvu sikuthubutu. Kule nilichora mtaro wa wazi wenye mteremko wa kuyaondoa, na madaraja madogo ya zege mbele ya kila kibanda, kwa sababu mtaro usio na daraja hugeuzwa jalala wiki ile ile ili watu wapate pa kukanyaga.

Kuhusu mbu: maji yasikae zaidi ya siku mbili. Yai la mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kufika kuwa mbu anayeruka, basi siku mbili ni salama. Mji wetu unaijua dengi. Sipendi kuwa mtu aliyeichorea makao.

Mbona hakuna nyasi?

Maji. Na mpira. Nyasi hazivumilii yote mawili.

Mbona hukuweka uwanja rasmi wa mpira, vijana waliuomba?

Waliuomba, na nikawapimia pamoja nao. Tukiweka magoli ya chuma na uzio, turubai la harusi halina pa kusimama, na watoto wa shule watazunguka. Tulikubaliana katikati pabaki wazi, udongo ulioshindiliwa, mita 18 kwa 28, na mawe yao manne yabaki kuwa magoli. Mhakiki mmoja wa kazi yangu alisema nimeacha sehemu kubwa bila kubuniwa. Uwazi ule ndio kitu kilichonichukua muda mrefu zaidi kukichora. Kila wiki kulikuwa na mtu wa kunishauri nijaze kitu.

Ulijifunza nini Mji wa Kale?

Kwamba baraza ni kiti kisichohitaji kiwanja. Ni kipande cha nyumba kilichotoka nje, cha mawe na chokaa, kimegandamana na ukuta wa mbele. Mwenye nyumba amekitoa, mpita njia amekikalia, na hakuna anayeuliza ni cha nani. Mengi niliyoyapima yalikuwa na kimo cha kati ya sentimita 40 na 55, yaani kimo cha kiti cha kawaida. Vichochoro vyenyewe ni vyembamba na nyumba zimepanda ghorofa, hivyo jua hufika chini kwa saa chache tu, na penye kona upepo wa bahari hujipenyeza. Utakuta mtu ameketi saa saba mchana anasoma gazeti, huku ng'ambo ya barabara kuu hakuna awezaye kusimama.

Niliporudi Likoni nilifuta viti vyote vya chuma. Chuma saa nane mchana kinaunguza, na usiku kinang'olewa kikauzwe kwa kilo. Badala yake nikachora ukuta mmoja mrefu, kimo sentimita 45, upana 50, unaopinda kutoka mkwajuni hadi pembe ya njia. Unakaliwa, unazuia udongo usimomonyoke, na unawaonyesha wenye pikipiki mwisho wao. Yule mzee wa mfereji aliutazama, akauliza tu, "Hili si baraza?" Ndilo.

Wanawake walisema nini?

Kwenye kikao cha kwanza, hakuna lililosikika. Walikuwapo, wakanyamaza. Basi nikaomba kikao kingine, mlangoni kwa bi mkubwa mmoja, saa ya kuchambua mchicha, bila daftari. Hapo nilijazwa.

Walitaka choo kwanza, chenye mlango unaoonekana kutoka njiani na si kilichofichwa nyuma ya vichaka. Walitaka kumwona mtoto aliye kiwanjani kutoka jikoni. Walitaka mahali pa kukaa jioni wakiwa na ukuta mgongoni na waone nani anakuja. Haya matatu yalibadilisha mchoro kuliko jambo lolote nililofundishwa darasani. Vichaka vyote nikavishusha visizidi kimo cha goti, na matawi ya miti yakatwe yaanzie juu ya mita 2, ili jicho lipite kutoka upande hadi upande. Wanaotafuta pa kujificha kuvutia dawa za kulevya hawapapendi mahali pa namna hiyo, na hilo pia lilisemwa mlangoni pale, kwa majina.

Ombi la nne lilikuja mwishoni, kwa kicheko: asumini. Iko kwenye mchoro, karibu na baraza lao, pamoja na rehani, kwa sababu asumini hufunguka jioni, na kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, hakitaki safari ya sokoni.

Mwenye kiti cha magurudumu ataingia?

Ataingia kwa njia ile ile ya kila mtu, si kwa mlango wa pembeni. Mteremko ni mmoja kwa kumi na mbili: ukitaka kupanda sentimita 30, unahitaji njia ya mita 3 na sentimita 60. Watu hushangaa urefu wake. Upana mita 1 na nusu. Mama wa mahamri na mkokoteni wake ndiye atakayeitumia zaidi, na mimi sina neno.

Wachuuzi je? Wataondolewa?

Hapana. Ukiwaondoa wachuuzi umeondoa macho ya usiku. Nilichowafanyia ni kuwapa pembe ya kaskazini magharibi, yenye sakafu ngumu inayoweza kusuguliwa mafuta, mfereji mmoja wa maji ya kulipia na pipa lenye kifuniko. Kwa nini pembe ile? Kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili zinaelekea magharibi. Jiko likiwa magharibi, moshi unatoka nje ya kiwanja mwaka mzima. Mama wa mahamri alikuwa ameketi pembe hiyo hiyo miaka yote, wala hakuhitaji kusomea.

Utaweka mulika mwizi?

Sipendi. Taa moja kubwa juu ya mlingoti hupofusha macho, na nyuma ya kila ukuta huacha giza zito kuliko lililokuwapo. Afadhali taa ndogo nyingi za sola, kimo cha mita 3 au 4, zinazofuata njia.

Na ufuo? Kuna watu wamezibiwa njia ya kwenda baharini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Mchanga ni wenu. Ugomvi huwa kwenye kijia cha kuufikia, kati ya ukuta na ukuta, na hicho hutetewa kwa ramani ya ardhi, si kwa kelele. Kabla ya kuniita nichore chochote mahali popote, nendeni ofisi ya ardhi mkahakikishe kiwanja ni cha nani. Mchoro mzuri juu ya kiwanja chenye kesi hautawatetea mahakamani.

Tunataka kupanda mikoko ufuoni kwetu. Utatusaidia?

Kwa furaha, lakini tusianze na miche. Tuanze na maji. Hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, kwa hiyo hatua chache tu zinabadilisha kila kitu. Mlilana hukaa mbele kabisa, baharini. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama juu ya tope kama miguu. Mkandaa hukaa juu zaidi, karibu na nchi kavu, na mchu utauona huku na kule. Ukipanda mkandaa mahali pa mlilana, utapiga picha siku ya kupanda na hutapata ya pili. Waulizeni wavuvi na waliokuwa wakikata boriti. Wanajua ni wapi palikuwa na nini.

Ukitaka mtu aielewe kazi hii, unampeleka wapi?

Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji: matumbawe yamekwanguliwa, jua linarudi usoni kutoka chini, maji ya chumvi karibu. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu. Mmoja wao ni mvinje, ambao mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoutengenezea naitrojeni kutoka hewani, hata pasipo na udongo.

Kisha likaja tatizo lisilotarajiwa: majani ya mvinje hayakuoza, yakalundikana kama mikeka. Dawa ilikuwa majongoo. Waliletwa wakala majani yale, kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukaleta miti mingine. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Ndipo alipopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko wa 2004 aliyeandamana na kobe aitwaye Mzee. Watalii huja kwa kisa cha Owen. Mimi huwaonyesha watu jongoo.

Unatumia programu gani?

AutoCAD kwa vipimo, SketchUp kwa kuonyesha. Lakini kwenye kikao napeleka mfano wa kadibodi, na miti ya sponji ambayo haikugundishwa. Mtu akiweza kuunyanyua mti na kuuhamisha, atakwambia anachofikiri. Mbele ya skrini watu husema "ni vizuri" wakaenda zao.

Niko sekondari, nataka kusomea hili. Nifanyeje?

Shahada ya kwanza hufundishwa JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, pale Juja. Usizidharau jiografia na biolojia, na hesabu usiikimbie, kwa sababu mteremko ni hesabu. Kuchora utafundishwa, usikubali mtu akutishe kwamba ni kipaji. Na ujiandae na baridi ya Julai, wewe mtu wa pwani. Hiyo hawaandiki kwenye fomu.

Waweza kunichorea ua wa nyumba yangu bure, sisi ni jamaa?

Shangazi, nakuja Jumamosi. Pilau iwepo.

Kiwanja cha Likoni kitajengwa lini?

Ni kazi ya mwanafunzi, haijapangiwa fedha. Mchoro umeachwa kwa mzee wa mtaa na nakala nyingine iko kwa bi mkubwa, ambaye naamini zaidi kwamba hataipoteza. Hata hivyo mambo mawili yamefanyika bila kunisubiri. Vijana wameviringisha gogo la mnazi ulioanguka wakaliweka pale baraza litakapopita, na sasa wazee wamelihamia. Na miche mitatu ya mkungu imepandwa, imezungushiwa miiba. Mmoja umeliwa na mbuzi. Miwili imeshika.

Sisi wapita njia twaweza kusaidia nini?

Kumwagilia, hasa kaskazi inapovuma na mvua ziko mbali. Nusu mtungi kwa kila mche, baada ya magharibi, hata maji uliyofulia kidogo si mabaya. Ukimaliza rudisha miiba mahali pake, maana yule mbuzi bado yupo.